Mapango ya Amboni hayafiki Kilimanjaro

Tanga wengi tumekua tukisikia kwamba mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya mji, yanapita chini kwa chini hadi Mombasa, na njia nyingine hadi mlima Kilimanjaro. Ukiwa ndani, kiza kimetanda na popo wanakupita kichwani, ni rahisi kuamini.

Ila pango la namna hii huchongwa na maji ya mvua, yenye asidi kidogo, yanayoyeyusha mawe ya chokaa. Chokaa hiyo ni ya ukanda wa pwani. Ukielekea bara unakuta miamba migumu ya Usambara, isiyoyeyuka hivyo, na Kilimanjaro yenyewe ni volkano. Pango refu kuliko yote lililopimwa Amboni halizidi kilomita moja hivi. Kilimanjaro iko zaidi ya kilomita 250.

Jaribu mwenyewe. Okota kipande cha chokaa barabarani (si pangoni, tafadhali, maumbo yale yamechukua maelfu ya miaka), kikwaruze, kidondoshee siki. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Rudia kwa jiwe la kawaida la Lushoto, huko milima ya Usambara: siki itatulia tu juu yake.