Ganzi ya miguu si uzee tu

Pale soko la Kibuye, Kisumu, kuna mama muuza omena ambaye hutembea hatua chache, akasimama, akainama na kuegemea mkokoteni. Dakika mbili, ganzi miguuni inapungua, anaendelea. Wenzake humwambia, "Pole mama, ni uzee tu, nenda ukalale."

Kuinama kule kunaeleza mengi. Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji unaopitisha neva (mishipa ya fahamu) za miguu. Aghalabu baada ya miaka 50, mifupa huota vinundu, kano hunenepa, mfereji unakuwa mwembamba na kuzibana neva hizo, ndipo ganzi inapokuja. Ukisimama wima unabana zaidi. Ukiinama, unapanuka kidogo. Ndiyo maana wengine huendesha baiskeli vizuri ilhali kutembea kunawashinda.

Kwa hivyo uzee unachangia, lakini tiba ipo. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli. Wengi huanza na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na dawa za maumivu.

Halafu kuna ile hofu kwamba ukipasuliwa mgongo utapooza. Hatari ipo, siifichi, ila kupooza ni nadra. Kwa mtu mzima ugwe mgongo, ule uzi mkuu wa neva unaoshuka kutoka ubongoni, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni neva tu, na mara nyingi ndipo mfereji unapobana. Daktari huondoa kipande cha mfupa ili zipate nafasi.

Lakini mkojo ukianza kutoka wenyewe au kuziba, au sehemu za siri zikifa ganzi, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.