Yale mapigano ya ngazini yamekatwa, tena mara nyingi

Jumamosi hapa Katindo, mjini Goma, kijana ninayemfundisha montaji, yaani kukata na kuunga vipande vya filamu, aliniambia: "Mwalimu, yale mapigano ya ngazini ya Atomic Blonde waliyapiga picha mara moja tu, hawakukata." Neno hilo nimelisikia Birere, nimelisikia Himbi, na sasa limenifika kooni.

Wamekata. Ni filamu ya David Leitch ya 2017, Charlize Theron akiwa jasusi wa Uingereza mjini Berlin mwaka 1989, Ukuta ukikaribia kuanguka. Yale mapigano ya dakika kama kumi ni vipande karibu 40 vilivyoungwa, na mhariri wa filamu ni Elísabet Ronaldsdóttir. Mkisifu kwamba "hawakukata", mnaifuta kazi ya mama huyo!

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1948, katika filamu ya Rope, mwongozaji Hitchcock aliisogeza kamera hadi mgongo wa koti ukajaza picha, maana ukanda ulioingia kwenye kamera ulitosha dakika kumi hivi. Mwili unapita mbele, kamera inageuka ghafla, mlango unatia giza: hapo ndipo mkasi unapopita. Hili halina ugumu.

Kinachonikera ni wanaodhani giza linatosha. Halitoshi. Mwezi uliopita tulijaribu kwenye ukuta wa mawe ya volkano, meusi tii. Kipande cha kwanza tulikipiga saa mbili asubuhi, cha pili saa tano. Nikaunga pale kamera inapopita ukutani, na jicho likashtuka papo hapo: saa mbili kila kishimo cha jiwe kilikuwa na kivuli chake, saa tano vivuli vimekwisha. Tena kijana alipunguza mwendo alipoukaribia ukuta, akiogopa kuugonga. Mwendo ukivunjika, kiungo kinaonekana hata gizani. Kilichotuokoa ni sauti. Niliivuta pumzi ya mchezaji kutoka kipande cha kwanza ikaingia cha pili, na kishindo kimoja cha mguu nikakiacha kivuke nayo. Sikio likavuka, jicho likafuata. Sasa sikilizeni zile ngazi: filamu nzima imejaa nyimbo, lakini pale ni kuhema, kuguna na miili inayogonga ukuta.

Wengine wananiambia filamu hii ni pambo tupu, haina mtu ndani. Kwa sehemu nakubali. Mapenzi yake ni mepesi, na usaliti juu ya usaliti wa mwishoni unanichosha. Lakini mtazameni Lorraine, yule jasusi, anavyoegemea ukuta, anavyorusha ngumi iliyokwisha nguvu, adui naye anayumba. Uchovu ule nisingeuamini kama kila ngumi ingekatwa waziwazi. Je, mwili uliochoka unatosha kutuonyesha mtu ni nani? Siku nyingine nasema ndiyo. Siku nyingine nahisi nautetea tu ufundi ninaoupenda.

Jumamosi tunarudi kwenye ukuta ule, vipande vyote kabla ya saa tatu, na kijana nimemwambia apite bila kupunguza mwendo, kiwiko kikikwaruzwa kikwaruzwe.