Jigi ya pini haifuti kosa, inalirudia

Watu wengi wanaamini ukishatengeneza jigi ya kutobolea, ile ya kipande cha mbao ngumu chenye tundu la kupitishia biti na pini ya kuchomeka kwenye tundu lililotangulia, basi nafasi zote kati ya matundu zitakuwa sawasawa mpaka mwisho. Hapana jamani! Jigi inakopi kosa lake kila hatua. Ukitaka 32 mm kati ya tundu na tundu afu pini imekaa 32.2 mm kutoka tundu la biti, tundu la 21 litakuwa limeshasogea 4 mm, na hapo hata kama pini haichezi kabisa.

Kwa matundu ya shelfu za kabati sio ishu sana, maana ukianzia chini pande zote mbili na jigi ileile, kosa linalingana na shelfu inakaa levo. Ila kama matundu lazima yakutane na kitu kingine, yapime yote kutoka ukingo mmoja, au endesha jigi kwa bolti ndefu ya M6 (unene wa 6 mm) ndani ya nati: nyuzi zake za kawaida zinasogea 1 mm kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 32 ndo 32 mm. Na zungusha upande mmoja tu, ukirudi nyuma nati inacheza kidogo kabla haijashika.