Sauti haitaki bando kubwa, inataka kufika kwa wakati

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Nilizizoea kwa kukaa wiki nzima kwenye ofisi ya wakala mmoja wa forodha, Dar es Salaam, nikisikiliza makarani wakizisoma kwenye simu. Asubuhi simu zao, ambazo hupita kwenye intaneti, zilikuwa safi kabisa. Ikigonga saa kumi jioni, sauti zinaanza kukatikakatika, na maofisini unasikia kauli ile ile: "Dada, rudia hapo mwisho, ni sita au saba?" Yakate maneno hayo mawili katikati uone kinachobaki: s mwanzoni, a mwishoni. Tarakimu moja ikikosewa, namba hiyo si ya mzigo wa mteja wako.

Walikuwa wamekwisha kuongeza kifurushi cha intaneti mara mbili, na walishauriwa waongeze tena. Nikaomba tupige hesabu kwanza.

Simu za mezani pale zilitumia kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ni ya zamani lakini bado iko karibu kila mahali. Inachukua sauti yako na kuikata vipande vya milisekunde 20. Kila kipande kina baiti 160, kinavalishwa bahasha ya baiti 40 yenye anwani ya IP, namba ya mlango ya UDP, na namba ya mfuatano pamoja na muda vinavyowekwa na itifaki (kanuni za mawasiliano) ya RTP, inayobeba sauti. Vipande 50 kwa sekunde, baiti 200 kila kimoja: kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande wa mazungumzo. Ofisi ile haikuwahi kuwa na simu zaidi ya sita kwa wakati mmoja, na sita hazifiki hata nusu megabiti. Ukihamia G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, sauti yenyewe inashuka mpaka baiti 20 kwa kila kipande huku bahasha ikibaki baiti 40 zile zile, yaani bahasha mara mbili ya barua. Hii ndiyo sababu kubana sauti hakuokoi nafasi kwa kiasi ambacho watu hutarajia.

Kwa hiyo upana ulikuwepo. Kilichokosekana ni kufika kwa wakati.

Faili likitumwa kwa TCP, itifaki inayohakikisha kila kitu kimefika, paketi (kipande kimoja cha data) ikipotea inaombwa upya, na mpokeaji anasubiri. Hajali kama imechelewa nusu sekunde, mradi faili likamilike. Sauti haina subira hiyo. Kipande cha milisekunde 20 kikichelewa, sentensi imekwisha kupita, na kukituma upya ni kazi bure. Ndiyo maana sauti husafiri kwa UDP, itifaki isiyoomba kitu upya. Simu ya upande wa pili huweka akiba ndogo ya vipande, tuseme milisekunde 40 au 60, ili vinavyowahi visubiri vilivyochelewa kidogo, kisha inavicheza kwa mpangilio. Kipande kimoja kikikosekana sikio halishtuki, kodeki nzuri huziba pengo. Vikikosekana vinane au kumi mfululizo, silabi nzima imekwenda. Hapo ndipo sita inapogeuka saba.

Saa kumi jioni kompyuta ya uhasibu ilikuwa inaanza bakapu (nakala ya akiba) ya siku: nyaraka zote zilizoskaniwa zinapelekwa kwenye seva iliyo nje ya nchi. Vile vifurushi vikubwa walivyonunua viliongeza kasi ya kupakua tu, ya kupakia ilibaki megabiti 2 kwa sekunde. Na TCP kwa tabia yake huongeza mwendo mpaka njia ijae. Modemu, kifaa kinachounganisha ofisi na laini ya intaneti, haikutupa paketi zilizozidi, ilizipanga kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubiria. Bafa ya kilobaiti 256, ikimwagwa kwa megabiti 2, inahitaji sekunde nzima kuisha. Kipande cha sauti cha baiti 200 kinafika na kukuta foleni hiyo, kinasimama nyuma kabisa.

Niliacha ping, kipimo cha muda wa paketi kwenda na kurudi, ikiendelea kwenye skrini ili mwenye ofisi ajionee. Saa tisa na dakika hamsini: milisekunde 14, 15, 14. Bakapu ilipoanza: 90, 340, 780, 1,050. Hakusema kitu, alivuta kiti akakaa karibu.

Dawa ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, simu zote ziliwekwa kutia alama ya kipaumbele kwenye kila paketi ya sauti, ile DSCP ya thamani 46, na ruta, kifaa kinachopitisha data zote za ofisi kwenda kwenye modemu, ikaagizwa kutoa paketi zenye alama hiyo kabla ya nyingine zote. Wakazi wa Dar wanalielewa hili bila maelezo: ni njia ya mwendokasi. Lakini ni lazima uilinde. Nikaweka ukomo wa kilobiti 600 kwa sekunde kwa daraja hilo la kipaumbele, kwa sababu bajaji na bodaboda wote wakiingia kwenye njia ya mwendokasi, basi halipiti tena. Nimeona mitandao ambayo kila kitu kimepewa alama ya 46, hata sasisho za kompyuta, na wenyewe wanashangaa kwa nini kipaumbele hakisaidii.

Sehemu ya pili husahauliwa sana, na bila yake ya kwanza haifanyi kazi. Ruta ilikuwa imeunganishwa na modemu kwa waya wa gigabiti moja. Kwa macho ya ruta, njia ni nyeupe na hakuna foleni, basi inamwaga kila kitu. Foleni inajengeka kwenye modemu, mahali ambapo hatuna amri. Kwa hiyo nikaibana ruta isitoe zaidi ya megabiti 1.8 kwa sekunde, pungufu kidogo ya uwezo halisi wa laini. Foleni ikahamia kwenye ruta, na huko ndiko kipaumbele kinakosomwa. Kutoa sadaka asilimia 10 ya kasi ili simu zote zisikike ni biashara ambayo ningeifanya kila siku.

Alama hiyo, nje kwenye intaneti ya wazi, mara nyingi hufutwa au haijaliwi. Hilo lisikukatishe tamaa. Msongamano mwingi wa ofisi zetu uko pale pale mlangoni, kwenye kupakia.

Video ina tabia yake. Haitiririki sawasawa kama sauti: kamera hutuma picha kamili mara moja moja, kisha mabadiliko tu, hivyo paketi huja kwa mafungu. Usiichanganye na sauti kwenye daraja moja, fungu moja la picha kamili linaweza kusukuma sauti pembeni. Ipe daraja la pili. Kwenye mkutano watu huvumilia sura iliyoganda wakiwa wanasikia, lakini hawakai dakika moja na sura safi isiyo na sauti.

Kuna kuchelewa ambako hakuna ruta inayoweza kukuondoa. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Setilaiti ya zamani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kupanda na kushuka tu ni takriban milisekunde 240. Waliopiga simu za intaneti kabla mkongo wa SEACOM haujafika pwani yetu Julai 2009 watakumbuka jinsi salamu zilivyokuwa zinagongana. Salamu zetu ni za kupokezana haraka, habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, salama, watoto je. Ikipita robo sekunde kila upande, wote mnaanza kusema pamoja, wote mnanyamaza, wote mnaanza tena. Mtu alionekana mkavu kumbe jibu lake lilikuwa angani.

Na kama simu inaita, inapokelewa, halafu upande mmoja tu ndio unasikia, usiguse foleni kabisa, ugonjwa ni mwingine. Kupiga na kupokea ni kazi ya itifaki ya SIP, sauti ni kazi ya RTP, na hupita njia tofauti. Ndani ya ujumbe wa SIP simu hutaja anwani ya kutumiwa sauti. Ikiwa iko nyuma ya NAT (ruta inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje) na imetaja anwani ya ndani, kama 192.168.1.20, upande wa pili utatuma sauti mahali pasipofikika. Fungua Wireshark, programu ya kuchungulia paketi, tazama mstari unaoanza na c= kwenye INVITE, ujumbe wa SIP wa kupiga simu, utaiona anwani hiyo imekaa hapo.

Kwenye ile ofisi nilirudi Jumatatu iliyofuata, saa kumi kasoro. Bakapu ikaanza. Ping ya kawaida ilipanda kama mwanzo, lakini kipimo cha sauti kikabaki chini ya milisekunde 20. Karani mmoja alisoma namba za makontena manne mfululizo, na wa upande wa pili akawa anaitikia "ehe, ehe" mpaka mwisho.