Vigae vya Njia Kutokana na Pakiti za Maji

Juni 3, 2015, mafuriko na mlipuko wa kituo cha mafuta viliua zaidi ya watu 150 jijini Accra. Mitaro iliyoziba ilichangia mafuriko hayo, na miongoni mwa taka zinazoiziba ni pakiti za maji ya kunywa za nusu lita na mifuko laini ya sokoni.

Kuanzia Gambia hadi Ghana, wapo mafundi wanaoyeyusha plastiki hiyo na kuichanganya na mchanga kupata vigae vya vichochoroni.

Kazi kubwa iko kwenye kuchambua. Tumbukiza kipande ndani ya beseni la maji, kikandamize hadi mapovu yatoke, kisha kiachie. Kikielea, kinafaa. Kikizama, kiweke kando: huenda ni chupa ya soda au PVC (plastiki ngumu ya mabomba), na PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Zinazofaa zioshwe na zikauke.

Kwa kila kilo 1 ya plastiki andaa takriban kilo 3 za mchanga uliochekechwa na kukauka kabisa. Mchanga mbichi ukigusa plastiki ya moto, maji hugeuka mvuke ghafla na uji humrukia mkorogaji. Yeyusha plastiki kidogo kidogo kwenye pipa la chuma, huku ukikoroga, hadi mabonge yaishe, kisha ichanganye na mchanga. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi. Ukiona moshi mzito, inaungua, punguza kuni. Ikishika moto, funika pipa kwa mfuniko wa chuma, usimwagie maji kamwe. Fanyia kazi nje, upepo ukikutokea mgongoni, na ujue kwamba barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa plastiki.

Paka kalibu oili, shindilia mchanganyiko, tikisa kalibu kigae kinapoanza kukaza ili kisinate ndani yake. Plastiki ikizidi, kigae hujikunja kikipoa. Mchanga ukizidi, kingo humeguka kwa kidole.

Wengi huharibu mwishoni, kwa kulaza vigae vizuri juu ya udongo uliolegea. Shindilia ardhi, tandaza mchanga wa sentimita 3 hadi 5, acha mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni, kisha funga kingo kwa zege. Bila zege, safu ya pembeni husogea na nyingine huifuata. Njia iwe ya waenda kwa miguu. Jikoni visiwekwe, maana vinaungua.