Sarafu 20, watu wanne na kosa la mtu wa kwanza

Nikiitwa kufundisha timu ya wabunifu wa bidhaa mbinu za kuondoa upotevu kazini, slaidi naziacha kwenye mkoba. Namwaga sarafu 20 mezani, naketisha watu wanne kwa mstari na wa tano namfanya mteja. Kila mmoja azigeuze sarafu zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono mmoja tu, kisha amsukumie jirani mpaka zimfikie mteja. Watu hucheka. Wengine hutazama saa, wakijiuliza kama kweli wameacha kazi zao kwa ajili ya hili.

Raundi ya kwanza sarafu zinasafiri zote kwa pamoja, ya pili kwa mafungu ya tano tano, ya tatu moja moja. Tuseme kila sarafu inachukua sekunde moja. Fungu la 20 linamfikia mteja sekunde ya 80. Tano tano zinaisha sekunde ya 35. Moja moja, sekunde ya 23. Mikono ni ileile na hakuna aliyeambiwa aharakishe.

Nyuma ya kila mchezaji huwa nimemsimamisha msimamizi mwenye stopuwachi, anayempima mtu wake peke yake. Hapo ndipo utamu ulipo. Raundi ya tatu, muda wa mchezaji mmoja mmoja mara nyingi huongezeka, kwa sababu kuna vipindi anakaa mikono mitupu akimsubiri jirani. Wasimamizi hununa. Mmoja aliwahi kumfokea mchezaji wake, "Mbona umezubaa?", wakati meza nzima imetoka kuvunja rekodi yake yenyewe. Sikusema kitu, wenzake walishaanza kumcheka.

Wakufunzi wengi huishia hapo, na mimi mwenyewe niliishia hapo kwa miaka kadhaa. Naona ni kosa. Mbinu hizi za kuondoa upotevu zilikulia katika viwanda vya magari vya Toyota, na kiwandani kutoa kitu kilekile mara elfu ndiyo sifa. Ubunifu wa bidhaa hauko hivyo. Mchoro uliokwisha kuchorwa hauna maana kuchorwa tena, na mara nyingi hujui kama ulichobuni kinafaa mpaka mteja akishike. Sarafu zinazofanana hazifundishi hilo.

Kwa hiyo nikaongeza raundi ya nne, ya kuchokoza. Namnong'oneza mteja: sarafu ya kwanza ikikufikia, paza sauti useme mtu wa kwanza mstarini amekosea. Halafu tunahesabu sarafu ngapi zimekwisha kupita mikononi mwa mtu huyo. Kwa fungu la 20, zote, bila shaka. Kwa moja moja kelele inapigwa sekunde ya nne, na zilizoharibika ni nne tu. Sasa kisia mafungu ya tano. Wengi husema kumi. Jibu ni 20! Fungu la kwanza linamfikia mteja sekunde ya 20, na sekunde hiyohiyo mtu wa kwanza ndiyo anamaliza sarafu yake ya mwisho. Tulipunguza muda kwa zaidi ya nusu, lakini hatukuokoa hata sarafu moja kwenye kosa lake. Meza hunyamaza kidogo, na mimi huuacha ukimya huo ukae.

Baadaye hugawa dadu, ili kila hatua ichukue muda usiotabirika. Foleni huota zenyewe, na inakuwa rahisi kueleza kwa nini kumjazia mtu ratiba ni hatari. Katika hesabu ya kawaida ya foleni yenye mhudumu mmoja, mtu aliyeshughulika asilimia 80 ya muda wake huisubirisha kazi, kwa wastani, mara nne ya muda wa kuifanya. Akifika asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara 19.

Mchezo wenyewe hauzidi dakika 20, lakini mazungumzo huyatengea saa nzima. Nikibanwa na muda, napunguza raundi, mazungumzo siyagusi. Swali langu ni moja: kwenu, sarafu ni nini? Timu moja ilijibu kwa vitendo. Walirudisha sarafu mezani, kila moja ikawa kazi iliyo njiani siku ile, na kila kiti kikawa hatua ya kazi. Sarafu 11 ziliishia mbele ya kiti kimoja, cha mtu wa kuidhinisha. Na mwenyewe alikuwa amekikalia.