Je, wajua kwanini hospitali zinaelemewa hata kama wagonjwa wengi wanapona nyumbani?

Kipindi cha korona hili swali lilikuwa haliishi: kama walio wengi wanaumwa kidogo wanapona wenyewe, mbona serikali zinahofia hospitali kujaa? Shida kubwa ni muda. Mgonjwa mahututi wa korona halali ICU siku mbili akaondoka, wengi walikuwa wanakaa wiki moja hadi mbili, wengine zaidi, na huku nyuma wapya wanaongezeka mara mbili kila baada ya siku chache. Piga hesabu, ICU ina vitanda 20, siku tatu za kwanza wanaingia wagonjwa 2, tatu zinazofuata 4, halafu 8, halafu 16. Siku ya 12 unao 30, na wale wawili wa mwanzo pengine bado wamelala palepale! Ndo yaliyowakuta Lombardia kule kaskazini mwa Italia Machi 2020, na ule ni mkoa tajiri wenye hospitali za maana.

Utasema si waongeze vitanda. Aisee kitanda ndo kitu rahisi kuliko vyote hapo. China walisimamisha hospitali ya vitanda 1,000 Wuhan kwa siku kama 10, ila walishusha na wahudumu wa afya 1,400 wa jeshi. London nao waligeuza ukumbi wa maonyesho wa ExCeL ukawa hospitali kubwa Aprili 2020, wimbi la kwanza ikahudumia wagonjwa 54 tu, na sababu mojawapo (sio pekee) manesi wa ICU walikuwa adimu. Nesi wa ICU humpati kwa siku 10.

Chukua kazi moja tu, kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yapate hewa vizuri. Wanahitajika watu watano hivi au zaidi, mmoja kazi yake ni kushika kichwa na ule mpira wa kupumulia ulioko kooni usichomoke, wengine wanaangalia dripu na nyaya, wanahesabu moja mbili tatu wanamgeuza kwa pamoja, halafu baada ya masaa kama 16 wanarudia yaleyale kumlaza chali. Huyo ni mmoja.

Oksijeni nayo balaa. Mtungi mkubwa unabeba lita kama 6,800, mgonjwa anayewekewa lita 60 kwa dakika anaumaliza hata masaa mawili hayajafika. Manaus, Brazili, Januari 2021 iliwaishia kabisa kwenye hospitali, na India Aprili mwaka huohuo ndugu wa wagonjwa walikuwa wanahangaika na mitungi mitupu wakitafuta pa kujaza.

Na walioumia sio wa korona peke yao, operesheni kibao ziliahirishwa. Halafu hofu yenyewe ikaleta yake: mwaka 2020 nchi nyingi wagonjwa wa mshtuko wa moyo wanaofika hospitali walipungua, sio kwamba mioyo ilipona ghafla, watu waliogopa kwenda, na wengine walifika wakiwa wameshachelewa.